Tulivyomsifu Semkiwa Mpaka Akazikwa

Vijana wa chumba cha herufi, mliponiaga kwa chai na keki mlinitaka niandike jinsi nilivyoanza kazi, kwa faida ya wanaokuja nyuma. Keki ilikuwa ngumu, lakini ombi lilikuwa la heshima, nami nalitimiza. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Mambo hayo hayamfundishi mtu kitu isipokuwa kijicho. Nitaandika juu ya miaka yangu ya kwanza Korogwe, enzi za Mdachi, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kazi na huko ndiko nilikoiharibu.

Tena kuna mmoja wenu, mwenyewe anajijua, ambaye kila ukikaribia uchaguzi huniuliza: Mzee, gazeti limwambie msomaji amchague nani, au linyamaze? Kila mara nilimjibu "Linyamaze" nikaendelea kupanga ukurasa wangu. Akadhani mimi ni mwoga. Ni kweli, lakini woga wenyewe una historia, nayo ndiyo hii.

Gazeti letu liliitwa Kengele. Lilichapwa katika nyumba ya bati karibu na stesheni, nyumba iliyokuwa ghala la ngozi kabla yetu. Ngozi zilihama, harufu ikabaki. Wakati wa masika karatasi zilinuka mbuzi, na wasomaji wetu wa Mombo waliamini kabisa kwamba gazeti hutengenezwa kwa mbuzi. Mmoja alituletea barua kuuliza kama mbuzi wake hakuchinjwa kwa sheria ni halali kulisoma.

Mwenye mtambo alikuwa Mdachi mmoja mrefu, aliyekuja na kazi ya reli, reli ikapita, yeye akabaki. Watu walimwita Bwana Chapa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa wa kupenda mawazo mapya, nao kwa mwenye mtambo ni ugonjwa wa hatari, maana wengine wakipata wazo husahau kesho yake, yeye alilichapa.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa Mzee Feruzi, mpanga herufi kutoka Pangani. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya pwani, nimemaliza darasa la juu, najua Kidachi cha kuandikia na Kidachi cha kuogopea, na nilidhani nimekuja kuandika. Siku yangu ya kwanza Feruzi alinipa sanduku la herufi za risasi nilipeleke mezani. Nikajikwaa. Herufi zote zikamwagika sakafuni, kubwa na ndogo, na nukta zikaingia katika nyufa ambamo naamini baadhi zimo hadi leo.

Hakunikemea. Alitazama, akatema tumbaku, akasema, "Basi. Sasa utazijua."

Nilizichambua kama mchele, moja moja, kichwa chini kama zinavyokaa, na nilipomaliza nilikuwa nazijua kwa vidole. Sijaona shule iliyonifundisha haraka kuliko aibu ile.

Herufi zetu zilitoka Ulaya, zimepangwa kwa lugha ya huko. Zilijaa e na n, lakini a zilikuwa chache, nanyi mnajua kwamba bila a Kiswahili hakiendi popote. A zikiisha, habari nayo imeisha. Wasomaji walisema Bwana Chapa anaficha mambo ya Serikali. Hakuficha kitu. Habari ya mafuriko ya mto Luvu ilikatika pale maji yalipofika mlangoni mwa jumbe, na watu wa Mkumbara walikaa mwezi mzima bila kujua kama jumbe alitoka.

Gazeti lilipotoka, mafungu mengine yalipanda treni, na fungu la Handeni lilikwenda kwa miguu. Kule wasomaji walikuwa wachache na wasikilizaji wengi. Mwalimu wa chuo cha Kurani ndiye aliyewasomea watu sokoni. Alikuwa na sauti nzuri sana, ila alikuwa na sauti moja tu. Bei ya pamba, tangazo la punda aliyepotea, salamu za Idi, vyote alivisoma kwa mahadhi ya kumwombea marehemu. Mwenye punda alilia.

Sasa niingie katika jambo lenyewe.

Njiani baina ya Korogwe na Handeni kulikuwa na kijiji kiitwacho Kwematunda. Jumbe wa pale alifariki. Kwa kawaida Serikali ilimteua mtu na kazi ikaisha, lakini Bwana Shauri, yule afisa wa boma aliyesikiliza mashauri ya watu, alikuwa mgeni na bado ana nguvu. Akasema safari hii watu wenyewe wasimame nyuma ya wamtakaye, naye atakuja kuona mstari upi ni mrefu, ndipo athibitishe.

Waliotaka cheo hicho cha ujumbe walikuwa wawili. Wa kwanza Mwinjuma, kijana wa biashara, mwenye kanzu safi na rafiki wa mwenye shamba la mkonge. Wa pili Mzee Semkiwa, Mzigua mkulima, mwembamba, mkaidi, mwenye ulimi mkali. Tofauti yao haikuwa kanzu. Jumbe ndiye aliyechagua nani aende kufanya kazi ya lazima kwenye mkonge na aende lini. Mwinjuma alikuwa amekwisha kumwahidi mwenye shamba vijana wakati wa palizi, wakati ambao mahindi ya mtu yakiachwa majani huyameza. Semkiwa alikuwa akisema wazi: vijana wataitwa baada ya mavuno, na kama Mdachi hataki, aje apalilie yeye. Kwa Kwematunda hilo lilikuwa suala la kula au kutokula.

Siku moja Bwana Chapa aliingia chumba cha herufi na gazeti la Ulaya mkononi, la miezi mingi nyuma, limekunjamana kwa bahari.

"Wewe," akaniita, "unaijua Amerika?"

"Nimeisoma, Bwana. Iko mbali."

"Huko watu huchagua mkubwa wao. Wanamwita rais. Na kabla ya siku yenyewe kila gazeti husema: sisi tunaona afadhali fulani."

"Na wasomaji husikia, Bwana?"

Akafikiri. Alikuwa mkweli. "Wengine hurudisha gazeti. Wengine humvunjia mhariri dirisha."

Feruzi, bila kuinua kichwa kutoka kwenye herufi zake, akasema, "Sisi hatuna dirisha, Bwana."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Kengele ingekuwa gazeti la kwanza bonde zima kuwaambia watu wamchague nani. Bwana Chapa aliniuliza nani afadhali, nikamwambia Semkiwa, na hapo sikukosea. Akaniambia niandike mimi, maana namjua. Hapo ndipo kosa lilipoanza, kwa sababu nilimjua mno.

Ukoo wetu ni wa Washambaa wa milimani, na ukoo wa Semkiwa ni wa Wazigua wa bondeni, na koo hizi mbili ni watani tangu babu zetu walipogombania mbuzi. Mtani wako humwamkii vizuri. Unamtukana, naye anakutukana, na haruhusiwi mtu kukasirika wala kukana. Akikwambia umeiba, unasema ndiyo, tena niliiba zaidi. Mimi na Semkiwa tulipokutana hakuniuliza habari za Korogwe. Alisema, "Kumbe bado hujafa, mla ukungu?" Nami nilisema, "Nakungoja wewe utangulie, mnywa tope." Basi tukakaa tukala.

Na mtani akifa, ni watani wake wanaokuja na majembe kuchimba kaburi. Siku hiyo, siku hiyo moja tu, mtani husimama akamsifu mwenzake kwa maneno mazuri, kwa sababu mwenzake hasikii tena.

Haya yote niliyajua tangu nikiwa mtoto. Mama yangu hakuhitaji gazeti kunifundisha. Lakini nilikuwa na kalamu, nikajiambia kwamba gazeti si kinywa changu. Nikaandika: "Semkiwa ni mtu mpole na mkarimu. Mlango wake haukufungwa kwa mwenye njaa. Hakumdhulumu mtu. Kwematunda haijapata mfano wake." Nilitumia a zote tulizokuwa nazo. Chini yake nikataka jina langu.

"Jina la nini?" Feruzi akauliza.

"Watu wajue nani kaandika."

"Mwanangu, nimepanga herufi tangu ndevu zangu nyeusi. Sijaona jina la mtu chini ya habari likimletea chakula. Nimeona likimletea fimbo."

Yeye, mtu wa Pangani, hakujua habari ya utani wetu na Semkiwa. Alinionya kwa sababu nyingine kabisa, na bado alikuwa sahihi. Mimi nikapanga jina langu kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa. Mpaka leo nikiona kijana anapanga jina lake mwenyewe namwambia apumzike kwanza anywe maji.

Gazeti likatoka. Korogwe na njia ya reli wasomaji walifanya kama wale wa Amerika. Watu wa Mwinjuma walirudisha nakala zao, ila wote walizirudisha baada ya kuzisoma, na mmoja alirudisha ikiwa imekatwa kona aliyovutia tumbaku. Pale Mombo mama mmoja wa maandazi alifungia wateja wa treni kwa ukurasa ule, akisema Semkiwa kama ni mwema hivyo basi na atembee. Mchungaji mmoja alituandikia kwamba hakuna mtu asiyemdhulumu mtu, tufanye masahihisho. Bwana Chapa alifurahi sana. "Wanakasirika!" akasema. "Maana yake wanasoma."

Nikafunga fungu la Handeni mwenyewe nikalibeba kwa miguu, nipitie Kwematunda nione furaha ya wasomaji wangu. Handeni ilikwisha kupata nakala mbili kwa mpita njia mmoja, nami sikujua. Yule mwalimu mwenye sauti moja alikuwa amekwisha kuzisoma sokoni, maneno mazuri yote, kwa mahadhi yale yale, na mwisho wake jina la mtani.

Nilivisikia vilio kabla sijaiona Kwematunda.

Uwanja wa Semkiwa ulijaa. Wanawake walikuwa chini kwenye majamvi, wanalia. Kuku walikuwa wanachinjwa. Dada yake Semkiwa, aliyetoka mbali kwa miguu, alikuwa amenyoa nywele. Katikati yao, na kibuyu cha maji mkononi, akiwanywesha waombolezaji kwa sababu jua lilikuwa kali na yeye ni mtu mkarimu kama nilivyoandika, alikuwa Semkiwa.

"Kaka yangu eeh!" dada alikuwa akilia. "Umeniachia nani?"

"Kunywa maji, dada," Semkiwa akamwambia. "Niko hapa."

"Ndivyo alivyokuwa akisema siku zote!" dada akazidi kulia.

Semkiwa aliponiona aliweka kibuyu chini polepole. "Wewe," akasema. "Nimekufa lini?"

"Mzee, mimi niliandika tu kwamba..."

"Nimesomewa ulichoandika. Mlango haukufungwa! Ulinichukia tangu lini?"

Nyuma ya nyumba mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wajomba zangu walikuwa wameteremka kutoka milimani na majembe, kama watani wema wapasavyo, na kaburi lilikuwa limefika kiunoni. Nikawaeleza kwamba maiti yu hai. Mjomba wangu mkubwa akajifuta jasho akanitazama kwa subira.

"Sisi tumemwona," akasema. "Ametuletea maji. Lakini jina lako limo gazetini, nawe ni mpwa wangu. Nitasema kwamba mpwa wangu hana adabu? Afadhali yeye awe amekufa."

Tena kaburi likichimbwa halifukiwi tupu, kwetu hilo ni kuita balaa. Ikabidi ukatwe mgomba, uvishwe sanda, ubebwe, uzikwe. Wajomba walilifungia jeneza njia kama desturi, wakadai kuku ndipo wapishe, wakapewa. Semkiwa mwenyewe alibeba mbele, maana alikuwa mwenyeji. Nikamsikia mtu nyuma yangu akimwambia mwenzake kwamba mgomba ule ulikuwa wa ndizi tamu na ni hasara kubwa kuliko marehemu.

Mngedhani mtu akionekana anatembea habari imekwisha. Haikwisha. Waliomwona waliamini macho yao, lakini si wote waliomwona, na waliosikia gazeti walikuwa wengi kuliko walioona mtu. Mwinjuma hakuhitaji tena kusema lolote juu ya mkonge. Alipita mashambani akiuliza kwa upole, "Mzee wetu Semkiwa tumemzika vizuri, sivyo? Basi mnataka mzimu ndio uwapeleke kazini?" Hata waliojua kwamba ni mzaha walipata baridi. Hakuna apendaye kusimama nyuma ya mtu ambaye mgomba wake bado haujaoza kaburini.

Nilirudi Korogwe nikamwomba Bwana Chapa tutoe toleo la haraka, nimtukane Semkiwa ukurasa wa kwanza. Alikataa. Gazeti lake halitukani mtu. "Tulimsifu," akasema kwa uchungu, "kwa nini hawafurahi?" Nikamweleza habari za utani. Alisikiliza kwa makini, akaandika neno lenyewe kwenye karatasi, akasema linavutia sana, na jibu likabaki hapana. Tena a zilikuwa zimekwisha.

Feruzi ndiye aliyenipa dawa. "Si una mdomo?" akasema.

Siku ya mistari tulikwenda wote watatu. Sokoni Kwematunda nguzo mbili zilikuwa zimesimikwa, Mwinjuma mbele ya moja, Semkiwa mbele ya nyingine. Bwana Shauri alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, na askari wawili, na mkalimani wake, mtu wa pwani aliyenyooka kama rula. Nyuma ya Mwinjuma mstari ulikuwa umepinda mara mbili. Nyuma ya Semkiwa walikuwa wapwa zake, na hata wao walisimama mbali naye kidogo.

Nikasogea mpaka katikati, nikapaza sauti.

"Semkiwa! Mzee mwizi wewe, bado umesimama? Nilisikia umekufa nikafurahi, nikasema sasa babu yangu atarudishiwa mbuzi uliyemwiba!"

Soko lote likageuka. Semkiwa alikuwa ameinamisha kichwa tangu asubuhi. Akakiinua taratibu.

"Babu yako alikuwa na mbuzi?" akajibu. "Mimi nilidhani ni shemeji yake."

Mtu akacheka. Nikaona njia imefunguka. "Miguu yako kama fito za banda la kuku! Uchoyo wako, inzi akitua kwenye ugali wako humwachii mpaka umpanguse miguu!"

"Kwenu mnafuga inzi kwa sababu ng'ombe hawauoni mlima kwa ukungu! Mama yako alikuzaa akakutafuta hadi adhuhuri!"

Mzee mmoja aliyekuwa mbele kabisa katika mstari wa Mwinjuma akatupa fimbo yake juu. "Yu hai!" akapiga kelele. "Maiti hatukanwi! Huyu yu hai!" Akavuka, na mkewe akapiga kigelegele, na watu wakaanza kuvuka nyuma yake kama maji yaliyopata mfereji, wakicheka, wakimpiga Semkiwa mabegani wapate hakika. Mwinjuma alibaki na wakwe zake, na mmoja wao alikuwa akiangalia upande ule kwa hamu. Sijapata kuandika habari iliyosikiwa namna ile.

Lakini wakati sisi tunacheka mkalimani alikuwa kazini. Alimtafsiria Bwana Shauri neno kwa neno, tusi moja baada ya jingine, kama mtu anayepokea mizigo forodhani. Bwana Shauri akainua mkono.

"Bwana Mkubwa anauliza," mkalimani akasema, "ni kweli kwamba wewe Semkiwa ulimwiba mbuzi wa babu ya huyu?"

Nawaomba muelewe pale alipokuwa. Mtani hakani. Akikana amesema: wewe si wangu, maneno yako yameniumiza. Angeweza kusema si kweli na ujumbe ungekuwa wake. Alinitazama, akautazama mstari wake uliojaa, nami naapa alijua. Watu wote walikuwa wanangoja kwa meno nje.

"Mwambie Bwana si mmoja," akasema. "Wawili. Na bibi yake ndiye aliyenishikia kamba."

Soko likaanguka kwa kicheko. Watu walishikana. Nami nilicheka, nakiri, nilicheka mpaka machozi, na nilipoyafuta nikaona kwamba Bwana Shauri hakucheka.

Nikakimbia mbele. Nikasema kwa Kidachi changu cha shule kwamba ule ni utani, kwamba kati yetu mtu umpendaye humtukana, na umsifuye ni yule aliyekufa.

Bwana Shauri akafikiri. "Anayesifiwa ndiye aliyekufa?"

"Kati ya watani, Bwana Mkubwa, ndiyo."

Akageuka polepole kumtazama Bwana Chapa. "Na gazeti lako," akauliza, "kila sikukuu ya Kaisari huandika nini?"

Bwana Chapa akawa mweupe kama karatasi isiyochapwa bado. Kila mwaka Kengele ilitoa ukurasa mzima wa kumsifu Kaisari, mfalme wa Wadachi: mpole, mkarimu, hajapata mfano wake. Mimi ndiye niliyeuandika. Feruzi nyuma yangu akanong'ona, "Basi huyo tumemzika kila mwaka."

Jibu lilikuwa rahisi, nalo lilikuwa kinywani mwangu tayari: Kaisari si mtani wangu, Semkiwa ni mtani wangu. Maneno hayo tu. Lakini nilimwona askari akihamisha kiboko chake kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, kwa sababu nyingine labda, labda mkono ulimchoka. Nikasema, "Nimekosea, Bwana Mkubwa. Nilikuwa nacheza na maneno. Hakuna desturi kama hiyo. Huyu mzee si chochote kwangu."

Nililisema neno hilo kwa Kidachi. Mkalimani, mtu mwaminifu, akaligeuza kwa Kiswahili ili wote wasikie.

Bwana Shauri akasema kwamba mtu aliyekiri wizi wa mbuzi wawili mbele ya watu hawezi kuwa jumbe, hata mstari wake ufike Tanga. Mwinjuma akavishwa kofia ya ujumbe. Mstari wa Semkiwa ukabaki umesimama kwa muda, kama watu waliokosa treni, kisha ukatawanyika.

Bwana Chapa hakumsifu tena mtu yeyote isipokuwa Kaisari, tena kwa maneno machache. Wasomaji wengi walirudi, maana hapakuwa na gazeti jingine. Mimi niliendelea kupanga herufi.

Palizi ilipofika vijana wa Kwematunda waliitwa kwenye mkonge kama Mwinjuma alivyoahidi. Niliwaona wakipita stesheni. Wiki ile nikaomba ruhusa nikaenda kwa Semkiwa. Njia nzima nilipanga maneno ya radhi. Sikuogopa kupigwa. Nilichoogopa ni adabu. Kama angeniambia "Karibu, mwanangu, habari za Korogwe," ningejua kwamba amenisikia siku ile na kwamba amekubali: mimi si chochote kwake.

Nilimkuta shambani pamoja na mama za wale vijana, wanapalilia. Majani yalikuwa yamefika magotini, mahindi ya manjano katikati yake. Nikasimama ukingoni. Wanawake wakaacha kulima. Yeye hakuacha. Alilima mpaka mwisho wa tuta, akarudi na tuta jingine, akafika karibu nami, akajinyoosha mgongo kwa shida, akanitazama kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuyasahau maneno yangu.

"Mla ukungu," akasema mwishoni. "Kwenu mnajua kulima, au mnajua kuua tu?"

Akanitupia jembe miguuni.

"Anzia pale, ni shamba la Athumani, yuko mkongeni. Palilia yote." Akageukia tuta lake, kisha akanitazama tena juu ya bega. "Na usiyasifu hayo mahindi. Nayataka yaive."